Mafuta ya damu na moyo wako: mwongozo kwa mkazi wa Mbita

Kolesteroli haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka ishirini akivuta nyavu, akilima, akipanda boda boda kutoka Mbita hadi Sindo, wala asisikie chochote, na mara ya kwanza kupata habari yake ikawa ni siku anapoanguka. Kwa hiyo usisubiri dalili. Nenda ukapimwe, na ukifika kwa mhudumu muulize hivi: "Nikijumlisha yote, hatari yangu ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi ijayo ni kubwa kiasi gani?"

Wengi wetu tunauliza swali jingine, la kolesteroli ni ngapi, kisha tunatoka na namba mkononi tukiwa tumeshtuka bure au tumefarijika bure. Chukua watu wawili. Wa kwanza ni mama wa miaka 42. Havuti sigara, presha yake ni 118/76, hana kisukari, na karatasi ya maabara inasema kolesteroli jumla 6.1. Wa pili ni mzee wa miaka 61, mvutaji tangu ujana wake, presha 158/94, kolesteroli 5.1. Majirani watamsikitikia mama na kumwambia mzee amshukuru Mungu. Lakini aliye pabaya ni mzee, tena anamzidi mama mbali sana. Yeye ndiye anayehitaji dawa ya presha, msaada wa kuacha sigara, na pengine dawa ya kolesteroli pia, ijapokuwa namba yake ni ndogo. Mama huenda akahitaji kubadilisha chakula, kupimwa tezi ya shingo, na kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa.

Sababu iko ndani ya mshipa. Kolesteroli yenyewe si sumu. Ini huitengeneza kila siku kwa sababu mwili unaihitaji kujengea seli na homoni. Husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na chembechembe, na zile zinazoitwa LDL zikizidi hupenya ukuta wa mshipa na kujirundika humo. Ukuta unavimba, njia inakuwa nyembamba, halafu siku moja uvimbe unapasuka, damu inaganda juu yake, na sehemu ya moyo au ya ubongo inakosa damu. Presha ya juu huuchubua ukuta huo, moshi wa sigara huuunguza, na sukari nyingi kwenye damu huudhoofisha. Mtu mwenye matatu kwa pamoja ameyaongezea mafuta njia ya kupenyea, na hata kiasi cha wastani kinatosha kumdhuru.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kukadiria hatari hiyo kwa kila ukanda wa dunia, na Afrika Mashariki ina chati zake. Ziko za aina mbili. Moja hutumia umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli jumla. Ya pili haihitaji maabara kabisa: badala ya kolesteroli na kisukari, hutumia uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake. Shika hilo, maana zahanati nyingi za visiwani na mashambani hazina mashine ya kupima mafuta ya damu. Zikiwa na mashine ya presha, mizani na kipimo cha urefu, zinaweza kukufanyia hesabu ya kuanzia. Ukiambiwa "hatupimi kolesteroli hapa," usigeuke ukarudi nyumbani. Omba upimwe presha, uzito na sukari, na uombe hatari yako ikadiriwe kwa chati.

Kama fedha zinatosha kipimo kimoja tu, mimi ningeanza na presha, kisha sukari, halafu mafuta. Presha ndiyo iliyoenea zaidi, kipimo chake mara nyingi hakigharimu kitu, na dawa zake ni rahisi. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao wengi wetu bado tunawaita nyamrerwa, wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mwite wa kijiji chako akupime nyumbani. Kwa mafuta ya damu utahitaji hospitali ya kaunti ndogo pale Mbita, au maabara ya binafsi mjini, au Homa Bay. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mapema kwa kupiga *147#. Tangu Oktoba 2024, aliyesajiliwa hugharamiwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Ukipelekwa hospitali kubwa zaidi mambo ya malipo hubadilika, kwa hiyo uliza kabla hujapimwa.

Watu wa pande hizi si wageni wa mambo haya. Kuanzia mwaka 2013 utafiti wa SEARCH uliweka mahema katika jamii 32 za Kenya na Uganda, zikiwemo za eneo hili la ziwa, na pamoja na kupima virusi vya Ukimwi ukapima presha na sukari papo hapo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019, jamii zilizopata huduma hiyo ya pamoja zilionekana kudhibiti presha vizuri zaidi kuliko nyingine. Mtu akipimwa karibu na kwake, na akirudi akapokelewa kwa heshima, anaendelea na matibabu.

Wako wanaosema kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wazungu na wahindi. Maneno haya yana asili. Mwaka 1959 daktari Gerald Shaper, aliyekuwa Makerere, aliandika kuhusu wakazi wa Uganda: Waafrika walikuwa na kolesteroli ndogo na mshtuko wa moyo ulikuwa nadra sana kwao, ilhali Waasia wa nchi ileile walikuwa na kolesteroli ya juu na ugonjwa wenyewe. Ila hiyo ilikuwa Uganda ya wakati huo, na chakula cha wakati huo. Mwaka 1990 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata Wajaluo waliotoka kijijini kando ya ziwa na kuhamia Nairobi. Presha zao zilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ukaonyesha wanakula chumvi nyingi zaidi. Damu ilikuwa ileile ya nyumbani, maisha ndiyo yaliyobadilika. Leo huhitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Chipsi, soda, soseji na mafuta ya kupimiwa viko hapa Mbita, hatua chache kutoka kivukoni.

Karatasi ya maabara

Hapa Kenya vipimo huandikwa kwa milimoli kwa lita. Utakuta mistari minne. Kolesteroli jumla inapendeza ikiwa chini ya 5. LDL, ambayo ndiyo ya kuangalia zaidi, iwe chini ya 3 kwa mtu asiye na hatari kubwa; kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi huwa tunaitaka ishuke chini ya 1.8. HDL husaidia kuondoa mafuta kwenye mishipa, nayo haitakiwi kuwa chini ya 1 kwa mwanamume au 1.2 kwa mwanamke. Trigliseridi ziwe chini ya 1.7.

Huhitaji kulala njaa kabla ya kipimo cha kwanza. Watu wametoka Mfangano alfajiri bila hata chai, wakavuka ziwa, wakangoja foleni hadi saa sita huku kizunguzungu kikiwashika. Kula kawaida, uende. Trigliseridi zikionekana juu ya 4.5 ndipo utaambiwa urudie ukiwa hujala.

LDL ikifika 4.9 au zaidi, usiyakubali maelezo ya "punguza mafuta tu." Huenda ni ya kurithi. Angalia pia kama kuna vivimbe vya manjano kwenye kope zako au kwenye kano za kisigino, na uulize kama baba au kaka alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65. Kolesteroli ya kurithi huanza kuharibu mishipa tangu utotoni, kwa hiyo ndugu na watoto nao wapimwe. Mhudumu makini atachunguza pia tezi ya shingo, figo na kisukari kabla ya kukuandikia dawa, kwa kuwa vyote hivyo vikiwa na hitilafu hupandisha mafuta, na kolesteroli inaweza kushuka yenyewe vikitibiwa.

Karai la ufuoni

Simama kando ya karai la mama anayeuza mgongo wazi. Mbuta ameshatolewa minofu kiwandani, minofu imekwenda kuuzwa ng'ambo, na tuliobaki tunanunua mifupa yenye kichwa na nyama iliyogandamana. Mama anaitumbukiza kwenye mafuta yanayochemka. Mafuta hayo asubuhi yalikuwa ya manjano, kufika saa nane yamekuwa meusi kama chai ya rangi, na moshi wake unawasha macho. Jioni hayamwagwi, huongezwa mengine juu yake kesho. Samaki mwenyewe hana kosa. Samaki wa ziwa ni chakula kizuri kwa moyo kuliko nyama yenye mafuta, na mafuta yaliyochemshwa tena na tena ndiyo yanayomharibu.

Kwa hiyo usiache samaki. Ngege achemshwe kwa nyanya, kitunguu na dania, au akaushwe kwa moshi kisha apikwe na kijiko kimoja cha mafuta. Omena iliyoanikwa vizuri juani huoshwa kwa maji ya moto, ikapikwa na nyanya bila kukaangwa kwanza. Ladha yake haipungui. Mafuta ya kuganda na ya mawese yapungue, na ya maji, kama ya alizeti, yachukue nafasi yao kwa kipimo cha kijiko badala ya kumiminwa kutoka chupani. Chumvi ya mezani iondoke mezani.

Mboga zetu za osuga, dek na apoth ni hazina, ila tuangalie tunavyozipika. Akina mama wengi huzilaza usiku kucha kwenye maziwa na kuzimalizia kwa siagi au samli. Tumia maziwa yaliyoenguliwa malai, na samli ibaki ya siku ya wageni. Nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ni chakula cha kusifiwa hasa, kwa sababu nyuzinyuzi zinazoyeyuka za maharagwe huzuia sehemu ya kolesteroli isirudi kwenye damu. Upande wa Migori, wakulima waliokuwa wakilima tumbaku wamesaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Nimelifurahia jambo hilo kwa dhati: shamba lilelile lililokuwa likipeleka moshi kwenye mapafu ya watu sasa linatoa chakula kinachoilinda mishipa. Kuon, yaani ugali, ya mtama au wimbi ni bora kuliko ya unga uliokobolewa. Chang'aa na sukari ya chai, vijiko vitatu au vinne kwa kikombe, hupandisha trigliseridi. Yeyote aliye na trigliseridi za juu aanzie hapo.

Lakini nitakuambia kweli, maana wapo wanaojilaumu bure: sehemu kubwa ya kolesteroli hutoka kwenye ini, wala si sahanini. Chakula kizuri kwa kawaida hushusha LDL kidogo, kama sehemu moja kwa kumi hivi. Kwa mtu mwenye hatari ndogo hiyo inatosha. Kwa mtu mwenye hatari kubwa haitoshi, na kumwambia aongeze mboga peke yake ni kumchelewesha.

Dawa

Dawa zenyewe huitwa statini. Ya kwanza iligunduliwa katika miaka ya 1970 na Akira Endo, mwanasayansi wa Japani, kutoka kwenye ukungu. Kwa muda mrefu madaktari walibishana kama kushusha kolesteroli kunaokoa maisha. Mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa 4,444 wa moyo katika nchi za Skandinavia ulimaliza ubishi: waliomeza simvastatini walikufa wachache kwa asilimia 30 kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa milimoli moja, mishtuko ya moyo na viharusi hupungua kwa karibu moja ya tano.

Anayehitaji statini bila mjadala ni yule aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa, mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40, mwenye LDL ya 4.9 na kuendelea, na yule ambaye chati inamwonyesha hatari ya asilimia 20 au zaidi. Ya kawaida kwetu ni atorvastatini, nayo unaweza kuimeza saa yoyote. Simvastatini imezwe usiku. Ya bei nafuu isiyo na jina la kampuni kubwa inafanya kazi ileile. Rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, kisha mara moja kwa mwaka.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko mengine. Namba ikishuka, usiache dawa. Imeshuka kwa sababu unaimeza. Ukiiacha itarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, na hutasikia chochote ikirudi. Watu wengi huishia hapo: wamepimwa, wamepona kwenye karatasi, wakaona vidonge vimekuwa mzigo. Kama shida ni bei, sema wazi kwa mhudumu. Kidonge cha miligramu 20 kinachomezwa kila siku kinakufaa kuliko cha 80 unachokimeza mwezi huu na kukikosa mwezi ujao, kwa sababu kila ukizidisha kipimo maradufu unaongeza nafuu ndogo tu, kama asilimia 6 ya LDL.

Maumivu ya misuli yakikupata, rudi uelezee. Mara nyingi hubadilishwa kipimo au aina. Misuli ikilegea sana na mkojo kuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, acha dawa siku hiyohiyo uende hospitali. Ni nadra, ila haina subira. Mwanamke mjamzito, anayetarajia kupata mimba au anayenyonyesha asianze statini, na aliyekuwa akiimeza azungumze na daktari kwanza. Aspirini ya kila siku si ya kila mtu. Asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi asijianzishie, maana inaweza kumtoa damu tumboni. Kama unatumia manyasi, yaani dawa za mitishamba, au ule mchanganyiko wa kitunguu saumu na limau unaouzwa sokoni, mwambie mhudumu bila aibu. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha samaki. Hakiwezi kushika nafasi ya statini.

Ukiwa kwenye kliniki ya ARV

Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye watu wengi zaidi wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini, na wengi wao sasa wanazeeka wakiwa na afya, jambo lililokuwa ndoto miaka ya 1990. Virusi, hata vikidhibitiwa, huacha mishipa ikiwa na uvimbe wa ndani kwa ndani, kwa hiyo hatari ya moyo huwa juu kuliko chati inavyosema. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa REPRIEVE, uliowahusisha watu 7,769 wanaotumia ARV, wa umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Wote walikuwa na hatari ndogo au ya wastani. Waliopewa statini iitwayo pitavastatini walipata mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo mengine makubwa ya mishipa pungufu kwa asilimia 35. Ukiwa umepita miaka 40 na uko kwenye ARV, una haki ya kuuliza: "Je, nami ninahitaji statini?"

Uliza pia kama dawa zinaelewana. Walio kwenye TLD, yenye dolutegraviri, hawana tatizo kubwa na statini. Aliye kwenye dawa zenye ritonaviri, kama lopinaviri au atazanaviri, asimeze simvastatini kamwe. Huzidi kwenye damu hadi kuharibu misuli na figo. Atorvastatini kwake huanzwa kwa kipimo kidogo. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huenda statini isimfanyie kazi vizuri. Nunua dawa dukani ukiwa na daftari la kliniki mkononi, na mwenye duka asome vyote unavyomeza kabla hajakuuzia.

Wavuvi nao wana lao. Wa omena huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Omba tarehe zako za kliniki ziangukie siku za mwezi mpevu. Ukihama kufuata samaki kutoka bichi moja hadi nyingine, omba dawa za miezi mitatu, na namba ya presha iandikwe daftarini kila mara, ili zahanati ya kule Muhuru Bay au Remba isianze upya kukuuliza. Vidonge vikae kwenye chombo kisichoingiza maji, ndani ya begi lako, si chini ya mtumbwi.

Na sasa dharura, kwa yeyote: kifua kikibana kama kimekaliwa na gunia, jasho baridi likitoka, maumivu yakipanda taya au mkono wa kushoto, usiseme ni vidonda vya tumbo: huenda ni mshtuko wa moyo. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza kuwa pumzi tu inayokata na uchovu wa ghafla. Kama huna mzio wa aspirini wala hutoki damu, tafuna vidonge vinne vya miligramu 75 ukiwa njiani kwenda hospitali. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi. Hapo aspirini isitolewe hadi hospitali ijue kama mshipa umeziba au umepasuka, na mgonjwa asilishwe wala kunyweshwa. Kama unaishi Mfangano, Takawiri au kisiwa kingine, pata leo namba ya simu ya mwenye boti atakayekubali kuvuka usiku, mkubaliane bei ya mafuta kabla shida haijafika, na namba hiyo ijulikane na kila mtu mzima nyumbani. Mkifika, mwambieni anayempokea mgonjwa saa ambayo dalili zilianza, na mkabidhini daftari la dawa.